Maharage ya koo mbili na namba inayodanganya

Mtu akikuambia mkusanyo wake wa maharage una utofauti wa vinasaba wa 0.5, muulize kwanza punje zake 100 zina uzito gani. Ataona unamrudisha nyuma: yeye yuko kwenye DNA, wewe bado uko kwenye mizani ya dukani. Lakini mara nyingi mizani hiyo itafichua kilichofichwa na ile 0.5, kwamba ndani ya mkusanyo mmoja mna koo mbili zilizohesabiwa kana kwamba ni ukoo mmoja.

Maharage tunayolia ugali na wali, Phaseolus vulgaris, asili yake si Afrika. Kunde ndiyo ya kwetu. Maharage yalitoka Amerika, na inaaminika Wareno ndio walioyafikisha pwani yetu kuanzia karne ya 16. Huko Amerika watu waliyatoa porini mara mbili, upande mmoja bila habari za mwingine: mara moja Meksiko, mara nyingine kwenye milima ya Andes, takribani miaka 8,000 iliyopita. Na yale ya porini yenyewe yalikuwa yameshatengana zaidi ya miaka 100,000 kabla ya hapo. Kwa hiyo yalipopanda meli kuja huku, yalikuja mageni mawili yanayofanana sura.

Ukoo wa Andes huwa na punje kubwa, gramu 40 na zaidi kwa punje 100. Ukoo wa Amerika ya Kati una punje ndogo, chini ya gramu 25, au za wastani, kati ya 25 na 40. Lyamungu 90 ya Tanzania, Rosekoko (GLP 2) ya Kenya na K132 ya Uganda zote ni za Andes, aina ya Calima: punje kubwa nyekundu yenye madoadoa ya krimu. Wairimu, yale madogo mekundu ya Kenya, na K131 ya Uganda ni wa upande wa pili.

Sasa turudi kwenye ile 0.5. Chukua SNP moja, yaani nafasi moja kwenye DNA ambapo mmea huu una herufi A na ule una G. Tuseme maharage yote ya Andes yana A, na yote ya Amerika ya Kati yana G. Utofauti unaotarajiwa hukokotolewa kwa kutoa kwenye 1 jumla ya kipeo cha pili cha sehemu ya kila aleli, yaani kila toleo la herufi, hapa A au G. Mkusanyo ukiwa nusu kwa nusu, unapata 1 − (0.25 + 0.25) = 0.5, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa SNP yenye aleli mbili. Ukiwa na Andes 80 kwa 20, unapata 0.32. Ukiwa 90 kwa 10, unapata 0.18. Na ndani ya kila ukoo? Sifuri, katika hali zote tatu. Mbegu hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni soko ulilonunulia.

Ndiyo maana kulinganisha namba ya nchi moja na ya nchi nyingine bila kutenganisha koo ni kazi bure. Ethiopia hulima kwa wingi maharage madogo meupe ya kuuza nje, Tanzania na Uganda walaji wengi hupenda punje kubwa. Namba zikitofautiana, huenda zinakueleza mapishi na biashara kuliko zinavyokueleza vinasaba.

Kazi nyingi za aina hii huharibikia sokoni, kabla hata ya kufika maabara. Gunia lenye jina moja huwa na zaidi ya kitu kimoja ndani, na kwa Rwanda, Burundi na Kivu wakulima huchanganya kwa makusudi, kwa sababu mchanganyiko haufi wote kwa ugonjwa mmoja. Mwaga kilo moja mezani, tenga kwa rangi, madoa, umbo na ukubwa, kisha hesabu kila fungu. Pima punje 100 za kila fungu mara tatu. Piga picha pamoja na rula. Usiiamini sana rangi ya mbegu iliyokaa ghalani, kwa maana ganda la krimu au la njano hugeuka kahawia kadiri linavyozeeka, na mbegu ya mwaka juzi inaweza kuonekana aina nyingine kabisa. Panda, uvune, ndipo uandike rangi. Andika pia jina la kienyeji, mahali linapotumika, na mkulima alikoipata mbegu: ni ya kurithi, ya soko, au ya pakiti.

Mmea mmoja, sampuli moja. Kuna tabia ya kuchuma majani ya mimea kumi na kuyasaga pamoja ili kupunguza gharama. Matokeo yake, mahali ambapo mimea sita ina aleli moja na minne ina nyingine, mashine inakuonyesha aleli zote mbili, nawe unaandika kwamba umekuta chotara. Ukitaka kujua utofauti ndani ya aina moja, chukua mimea 8 hadi 10, kila mmoja na kijichupa chake. Ukitaka kulinganisha aina nyingi, chukua mmea mmoja kwa kila aina, lakini mmea huohuo uulee hadi uzae, na mbegu zake zihifadhiwe kwa namba ileile. Bila hivyo utakuwa na alama za vidole za marehemu: data safi ya mmea usioweza kuupanda tena.

Jani zuri ni changa, lile la kwanza lenye vijani vitatu ambalo ndiyo kwanza linafunguka, siku 10 hadi 14 baada ya kupanda. Jani lililokomaa limejaa polifenoli, kemikali za mmea zinazoshikana na DNA. Ukichuma shambani mbali na maabara, litie kwenye bahasha ya karatasi ndani ya mfuko uliofungwa wenye silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, gramu 10 za silika kwa gramu 1 ya jani, likauke ndani ya saa 24. Silika ikibadilika rangi, weka nyingine. Jani linalokauka polepole hujila lenyewe, kwani vimeng'enya vyake huikatakata DNA wakati wewe uko njiani. Mfuko wa plastiki mtupu juani, ndani ya gari, ni namna ya kuchemsha mboga.

Kutoa DNA ya maharage hakuhitaji vifaa ghali. Njia ya CTAB, sabuni inayopasua seli, inatosha. Saga miligramu 100 za jani bichi kwenye naitrojeni kimiminika, au kama haipatikani, kwa gololi za chuma moja kwa moja ndani ya bafa ya moto. Bafa yenyewe ni CTAB 2%, chumvi ya NaCl 1.4 M, EDTA 20 mM, Tris 100 mM yenye pH 8.0 na PVP 2%. Beta-merkaptoethanoli 0.2% huongezwa siku hiyohiyo ya kazi, ndani ya kabati la kuvuta mvuke, si mezani. Weka mikrolita 700, acha kwenye nyuzi 65 kwa dakika 45 ukigeuzageuza kila dakika 10. Ikipoa, ongeza kiasi hichohicho cha klorofomu na isoamili (24:1), geuza taratibu kwa dakika 5 hadi 10, zungusha kwenye sentrifuji kwa mizunguko 12,000 kwa dakika, muda wa dakika 10. Chukua maji ya juu tu. Tamaa ya kuvuta hadi tone la mwisho ndiyo inayobeba ule utando mweupe wa katikati, na utando huo ni protini. Ongeza isopropanoli baridi, theluthi mbili ya ujazo wa maji hayo, zungusha, osha mara mbili kwa ethanoli 70%, kausha hadi harufu ya pombe iishe, kisha yeyusha kwenye mikrolita 50 hadi 100 za bafa ya TE pamoja na RNase, kimeng'enya kinachokata RNA.

Rangi ya kitonge cha mwisho cha DNA inasema mengi. Kikiwa cha kahawia, polifenoli zimeshikana na DNA: jani lilikuwa zee, au merkaptoethanoli ilisahaulika. Kikiwa cha kuteleza kama mlenda, ni sukari ndefu za mmea. Rudia ukipandisha chumvi hadi 2 M. Kikikataa kuyeyuka, umekikausha kupita kiasi, na nyuzi 65 kwa dakika chache pamoja na uvumilivu wa usiku mmoja kwenye friji kwa kawaida hukiokoa. Kwenye jeli ya agarosi 1% unataka mstari mmoja mzito juu. Wingu la chini kabisa ni RNA, lisikutishe. Ukungu unaoshuka kuanzia juu hadi chini ni DNA iliyokatika, huo ukutishe. Kwenye kipima mwanga, uwiano wa 260/280, yaani mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 260 ukigawanywa kwa ule wa 280, uwe kati ya 1.8 na 2.0. Ule wa 260/230 ukishuka chini ya 1.5 na PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ikagoma, jaribu kuzimua DNA mara 10 kabla ya kuilaumu praima, vile vipande vifupi vinavyoanzisha unakili, maana uchafu unaozuia kimeng'enya nao huzimuliwa.

Sasa alama, yaani sehemu za DNA zinazotofautisha mmea na mmea. Maabara nyingi zenye bajeti ndogo bado hutumia maikrosatelaiti, yaani vipande vya DNA ambamo herufi chache hujirudia, GA GA GA, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya mmea na mmea. Za maharage zinajulikana kwa majina kama BM143, BM156 au GATS91. Maharage yana jozi 11 za kromosomu, kwa hiyo chagua alama 22 hadi 30 zilizotawanyika, angalau mbili kwa kila kromosomu. Alama 30 zilizobanana kwenye kromosomu tatu ni sawa na kumhoji shahidi mmoja mara kumi.

Mikrolita 10 za PCR zinatosha: DNA nanogramu 20, praima 0.2 µM kila moja, dNTP 0.2 mM, magnesi 1.5 hadi 2 mM, nusu yuniti ya Taq, kimeng'enya kinachonakili, mizunguko 35. Mwishoni acha nyuzi 72 kwa dakika 30 badala ya 10. Sababu yake ni kwamba Taq hupenda kuongeza A moja kwenye mkia wa kila kipande. Ikiongeza kwa baadhi tu, utaona vilele viwili vilivyopishana kwa herufi moja na utadhani ni aleli mbili. Muda mrefu huhakikisha vipande vyote vimepata mkia. Kingine kinachofanana na hicho ni kivuli, kilele kidogo kilichopungua kwa herufi 2 kutoka kwenye kile halisi, kwa sababu kimeng'enya huteleza kwenye marudio. Na jeli ya agarosi, hata ya 3%, haitenganishi vipande vinavyopishana kwa herufi 2 kati ya 150. Anayesoma maikrosatelaiti kwenye agarosi kisha akaripoti aleli chache, ameripoti uwezo wa jeli yake. Tumia poliakrilamaidi 6%, au mashine ya kapilari yenye rangi. Kwenye kila sahani ya sampuli weka mashahidi wawili wasiobadilika: G19833, mbegu ya asili ya Peru ambayo jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilichapishwa mwaka 2014, na BAT 93 ya ukoo wa Amerika ya Kati, iliyosomwa 2016. Aleli zao zikihama, sahani nzima imehama.

Kuna kipimo kingine cha zamani ambacho bado nakipenda kwa urahisi wake. Faseolini, protini kuu ya punje, ina umbo la S kwa kawaida kwenye ukoo wa Amerika ya Kati na la T kwenye wa Andes. Herufi hizo zinatokana na aina mbili za mbegu, Sanilac na Tendergreen. Ukijumlisha uzito wa punje na faseolini, umeshagawa sehemu kubwa ya mkusanyo kabla ya kutumia pesa. Ila faseolini hutoka sehemu moja tu ya kromosomu, na chotara wa zamani anaweza kuwa na S huku sehemu kubwa ya mwili wake ni Andes.

Mwenye bajeti zaidi huenda kwenye SNP kwa maelfu. Chipu ya BARCBean6K_3 ina SNP 5,398. DArTseq, njia ya kupata SNP kwa kusoma vipande vya DNA, hufanyika hapa karibu, kwenye kampasi ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi. Data hizi huja nyingi na huleta jeuri, kwa hiyo zichujwe kwa jicho la mtu anayeyajua maharage. Ua la haragwe hujichavusha kabla halijafunguka vizuri, na uchavushaji wa nje kwa kawaida hauzidi asilimia 5. Hivyo SNP inayoonyesha aleli mbili tofauti kwa theluthi ya mimea yote haiwezi kuwa ya kweli: ni jeni mbili pacha zilizosomwa kama moja. Itupe. Mmea mmoja ukionyesha hivyo kwenye SNP nyingi wakati wenzake ni safi, shuku kwanza pipeti na mchanganyiko wa mbegu, halafu ndipo ufikirie nyuki.

Kosa ambalo huwapita hata wazoefu liko kwenye nafasi zilizokosa jibu. Watu wengi hulinganisha vipande vyao vya DNA na jenomu ya G19833, ambayo ni Andes. Vipande vya ukoo wa Amerika ya Kati vinavyotofautiana sana na hiyo hukosa mahali pa kukaa, na SNP hizo huonekana na mapengo mengi. Ukitupa kila SNP yenye pengo zaidi ya asilimia 20 bila kuangalia mapengo yako kwa nani, umetupa utofauti wa ukoo mmoja na kuuacha wa mwingine, kisha utaandika kwamba ukoo wa Andes ndio wenye utofauti zaidi. Hesabu mapengo kwa kila ukoo peke yake.

Kabla ya programu yoyote, rudia asilimia 5 hadi 10 ya sampuli kuanzia kwenye jani. Tofauti kati ya marudio ndiyo kipimo cha makosa yako. Mmea mmoja ukipishana na nafsi yake kwa asilimia 1 ya SNP, huna haki ya kusema magunia mawili yanayopishana kwa asilimia 0.8 ni aina mbili.

Ndipo ufungue STRUCTURE, programu ya kugawa mimea katika makundi kwa DNA, au nyingine ya namna hiyo: mizunguko 100,000 ya kutupa, 100,000 ya kuhesabu, mara 10 kwa kila K, yaani kila idadi ya makundi unayoijaribu. Kipimo cha delta K kitakujibu K=2. Kitajibu hivyo karibu kila wakati kwa mkusanyo uliochanganyika, kwa sababu kinatafuta mpasuko mkubwa kuliko yote, na mpasuko huo una zaidi ya miaka 100,000. Makala nyingi huishia hapo na kutangaza "makundi mawili" kana kwamba ni habari. Hapo ndipo kazi inapoanza. Tenganisha mimea yenye angalau asilimia 80 ya ukoo mmoja, waweke kando wa katikati, kisha fanya uchambuzi upya kwa kila ukoo, pamoja na kuchuja upya aleli adimu zilizo chini ya asilimia 5. SNP nyingi zitakufa, maana ndani ya ukoo hazitofautiani. Idadi iliyokufa iandike kwenye ripoti, inaeleza zaidi ya picha za rangirangi. Kumbuka pia kwamba STRUCTURE inadhani mimea huoana ovyo, na maharage hayaoani ovyo, kwa hiyo linganisha na DAPC, njia ya kugawa makundi isiyodhani hivyo, kabla ya kuamini vikundi vidogo.

Wale wa katikati nao wana hadithi yao, na inasomeka. Kizazi cha kwanza cha chotara huwa na aleli mbili tofauti kila mahali koo zinapopishana. Kizazi cha pili nusu, cha tatu robo, na kufikia cha sita ni kama asilimia 3. Mmea wenye nusu Andes na nusu Amerika ya Kati ambao umeshatulia, aleli zake zote zikiwa jozi zinazofanana, ni chotara wa zamani, pengine wa shambani au wa kituo cha utafiti. Wenye nusu kwa nusu na bado umechanganyika ni wa majuzi, na mkulima anayeupanda ataona punje za kila rangi msimu ujao.

Majina ndiyo yanayochekesha. Kaskazini mwa Tanzania kuna maharage yanayoitwa soya, ya njano na ya kijivu, wala si soya. Jina moja linaweza kufunika mbegu tatu, na mbegu moja kutembea na majina matatu kwa kadiri ya lori lilikoishusha. Kwa hiyo anayetaka kujua wakulima wangapi wanapanda aina iliyotolewa na kituo asiwaulize jina peke yake. Achukue punje, alinganishe na mbegu ya msingi ya kituo chenyewe, tena mimea kadhaa ya mbegu hiyo, maana nayo huwa na mchanganyiko wake.

Faida ya kuzijua koo huonekana siku ya kuvusha jeni. Kuvu wa madoa ya pembe naye ana koo mbili zinazofuata za maharage. Ule wa Andes hushambulia zaidi maharage ya Andes, ule wa Amerika ya Kati hushambulia pande zote. Kwa maharage yetu makubwa, kinga mara nyingi hutafutwa kwenye ukoo wa pili, kwa mfano jeni ya Phg-2 kutoka Mexico 54, aina ya Amerika ya Kati. Lakini ndoa hiyo ina mitego. Baadhi ya jozi, jeni ya DL1 kutoka upande mmoja ikikutana na DL2 ya upande wa pili, huzaa watoto waliodumaa: majani yamekunjamana, shina limeacha kukua, mizizi inatoka juu ya udongo. Wengi huwang'oa wakidhani ni virusi. Kwa hiyo fanya uchavushaji mchache wa majaribio kabla ya kupanga mamia, na jozi ikidumaa badilisha mzazi mmoja.

Ikipita hapo, punje bado zitakuwa ndogo na hakuna mama ntilie atakayezinunua, kwa hiyo chotara hurudishwa kwa mzazi wa Andes. Kwa wastani urudisho wa kwanza huleta asilimia 75 ya Andes, wa pili 87.5, wa tatu 93.75. Huo ni wastani tu. Pima mimea 60 ya urudisho wa kwanza na utakuta baadhi imeshavuka 80 huku bado imebeba Phg-2, na hiyo ndiyo ya kuendelea nayo. Alama bora za kuipata ni zilezile SNP zenye A upande mmoja na G upande wa pili, zilizokufa ulipochuja ndani ya ukoo. Zihifadhi kwenye faili lake.